Tunaandika Haki kwa Kompyuta ya Wizi

Jamani, nimepotea hapa kijiweni karibu mwezi na nusu. Mliotuma ujumbe kuuliza kama nimeolewa au nimehamia Dar, asanteni kwa kunikumbuka. Sijaolewa, na bado niko Mpanda, mtaa wa Makanyagio, nyumba ile ile yenye mwembe. Kilichonipoteza ni kompyuta. (Wengine mnasema tarakilishi, wengine ngamizi. Mimi nasema kompyuta, tusigombane kwa hilo.) Leo nataka kugombana na watu kwa jambo lingine, na nitaanza na mimi mwenyewe kabla sijaja kwenu.

Kisa ni hiki. Siku moja usiku nilirudi kutoka kijiji ambacho sitakitaja. Nilikuwa nimekaa na wakulima wa tumbaku siku mbili, wakinieleza mambo ya mizani, madaraja na malipo yanayochelewa. Nilikuwa na zaidi ya saa nne za sauti. Simu ilikuwa imejaa, kwa hiyo nikazihamishia kwenye laptopu, nikazifuta kwenye simu, nikalala usingizi wa mtu aliyefanya kazi. Asubuhi nafungua mashine, kila faili limeota mkia. Jina la faili liko pale pale, lakini nyuma yake kuna herufi nne nisizozijua. Sauti hazifunguki. Picha hazifunguki. Makala za miaka mitatu hazifunguki. Ndani ya kila folda nimewekewa barua ya Kiingereza yenye adabu zake zote: mafaili yako tumeyafunga, ufunguo unauzwa dola 980, ukiwahi ndani ya siku tatu utalipa nusu, dola 490.

Wezi wenye punguzo la bei. Mwe!

Sikulipa. Dola 490 sina, na hata ningekuwa nazo nisingewapa. Kilichoniuma zaidi, hata hivyo, si hela. Mmoja wa wale wakulima ni mzee wa miaka sabini na kitu, aliyekubali kuongea baada ya mimi kumwapia kwamba sauti yake haitasikika kwa mtu mwingine yeyote, nitaandika tu alichosema bila jina. Ilibidi nirudi kumwambia. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza kwamba mazungumzo yetu yamepotea, kuna watu wameingia kwenye kompyuta yangu. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Sasa mwanangu, hiyo sauti yangu iko kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nimesoma uandishi wa habari, nimehudhuria semina za kulinda vyanzo, vyeti ninavyo kwenye bahasha. Mzee asiye na kompyuta ameuliza swali moja la msingi na mimi nimekaa kwenye kigoda naangalia chini.

Turudi nyuma tuone hao watu waliingiaje, maana hawakuvunja mlango. Mimi ndiye niliyewafungulia. Laptopu yangu ni ya mtumba. Nilipoinunua nilimpelekea fundi mmoja hapa mjini "anipigie Windows", kama tunavyosema sote, kwa shilingi elfu kumi na tano, na ndani ya hiyo hela akaniwekea na Office. Akaniambia, "Dada mwandishi, tuzime antivirus kwanza, maana hii kreki huwa inapigiwa kelele." Msomaji, soma tena hiyo sentensi. Mtu anakwambia umfukuze mlinzi kwanza ndipo yeye aingize mgeni, na mimi ninayejidai kuwauliza wakubwa maswali magumu nikajibu, sawa kaka. Miezi michache baadaye nikataka programu ya kuhariri sauti. Nikapakua ya kukreki mtandaoni, na safari hii nikazima mlinzi kwa mkono wangu mwenyewe. Hapo ndipo walipopita. Jamii ya virusi iliyonifunga inajulikana kwa majina ya STOP na Djvu, na tangu 2018 hivi njia yake kubwa ya kusafiri ni hiyo hiyo: programu za wizi na vifungulio vyake. Mwishoni mwa 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ya Marekani ilionya kwamba watu wanaotafuta KMSPico, kile kifungulio cha Windows na Office ambacho nusu ya mji huu inakijua kwa jina, walikuwa wanapakua pia programu ya kuiba nywila. Unaiba, kumbe unaibiwa.

Sasa nije kwenu.

Sisi vijana wa mjini tuliosoma, tunaojua kutamka "uwajibikaji" bila kukosea, tunaishi na uongo mmoja mezani kwetu. Tunaandika habari za ufisadi kwa Windows ya wizi. Mwanaharakati anachapa ripoti ya utawala bora kwa Office ya wizi. Mwalimu anatunga mtihani wa uraia kwa Office ya wizi. Mpiga picha mwenzangu akiona picha yake imechukuliwa na gazeti bila jina lake anawaka wiki nzima, anataja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, halafu anakaa kuhariri picha nyingine kwa programu ambayo hajalipia hata senti. Sheria hiyo hiyo, ndugu yangu, inalinda na programu za kompyuta. Umeisoma kurasa zinazokufaa tu.

Najua mtakachosema, maana nilikuwa nakisema mimi. Sisi maskini. Windows 11 ya nyumbani kwa bei ya Microsoft ni dola 139, zaidi ya shilingi laki tatu, na mimi laptopu yenyewe nzima nilinunua laki mbili na themanini. Kwa hiyo tuibe, maana Bill Gates hatakufa njaa. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama kusingekuwa na njia nyingine. Mtu mwenye njaa akiiba muhogo shambani nitamtetea. Lakini akiwa amesimama mbele ya sahani ya wali aliyokaribishwa, bure, halali, na bado akaruka ukuta kwenda kuiba biskuti za jirani kwa sababu ndizo alizozizoea, huyo sijui nimtetee kwa lipi.

Sahani yenyewe inaitwa Linux. Kwa wasioijua niseme kwa kifupi. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo endeshi ambao kila mtu ana ruhusa ya kuutumia, kuufungua auone ndani, kuurekebisha na kuwagawia wengine. Mwaka 1991 kijana wa chuo kikuu kule Helsinki, Linus Torvalds, akaandika moyo wa mfumo, yaani ile sehemu inayoongea na mashine yenyewe. Vikaunganishwa. Toka hapo watu na makampuni wakatengeneza matoleo mengi, kila moja na sura yake. Lile lililofika kwa watu wengi wa kawaida, Ubuntu, lilitoka Oktoba 2004 kwa fedha za Mwafrika Kusini, Mark Shuttleworth, yule aliyeuza kampuni yake ya Thawte mwaka 1999 kisha akaenda anga za juu 2002. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, walikuwa wanatuma CD kwa posta bila malipo kwa yeyote aliyeomba, popote duniani. Bure kabisa, na bahasha wanalipia wao! Na kama unadhani hujawahi kutumia Linux, simu yako ya Android imejengwa juu ya moyo huo huo. Unaitumia tangu ulipoacha simu ya vitufe.

Mimi nilichagua Linux Mint, toleo lililojengwa juu ya Ubuntu, kwenye sura yake nyepesi ya Xfce, maana laptopu yangu ina gigabaiti 4 tu za kumbukumbu. Faili la kusimika linakaribia gigabaiti 3. Kwa bando langu hilo ni chakula cha wiki. Rafiki yangu wa Dar akalipakua kazini kwake, akahakiki kwamba halikuchezewa njiani (kuna namna ya kulinganisha namba, watengenezaji wanaiweka wazi), akaliandika kwenye flashi, akamkabidhi kondakta wa basi. Flashi ikalala njiani, ikafika Mpanda ikiwa kwenye bahasha ya kaki iliyoandikwa "DADA WA MAGAZETI". Nauli ya bahasha elfu tano.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba huhitaji kufuta chochote ili kuijaribu. Unachomeka flashi, unaiwasha mashine ianzie huko, na mfumo mzima unafanya kazi ukiwa kwenye flashi. Unafungua mtandao, unaandika, unasikiliza muziki. Ukichukia unazima, unachomoa, umerudi ulikokuwa. Mimi sikuwa na cha kurudia, mafaili yangu yalikuwa maiti tayari, lakini wewe mwenye woga anza hivyo.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilikwenda kama siagi. Usiku wa kwanza wi-fi haikuonekana kabisa. Kadi ya laptopu yangu inahitaji kiendeshi ambacho hakimo ndani ya flashi, na kukipata kunahitaji intaneti, na intaneti inahitaji hiyo kadi. Nilikaa nikicheka peke yangu kama chizi. Dawa ilikuwa kuchomeka simu kwa waya wa USB na kutumia intaneti yake. Dakika kumi, kiendeshi kimeingia. Lakini ile saa moja kabla sijajua dawa nilitukana, kwa Kiswahili na kwa Kibende cha kuokoteza. Printa ya steshenari jirani nayo imegoma kuongea na mimi mpaka leo. Nahifadhi kwa PDF, nampelekea kwenye flashi, anachapa. Jedwali moja la halmashauri lenye mambo mengi ndani yake lilifunguka kwenye LibreOffice likiwa limepinda pinda. Hayo ndiyo mabaya. Anayekwambia hakuna mabaya naye anakuuzia kitu.

Kwa upande wa pili, sauti nahariri kwa Audacity, ambayo ni huria na imekuwepo tangu 2000. Kumbe ile programu niliyoiba, iliyoniletea msiba, nilikuwa siihitaji! Makala naandika kwa LibreOffice. Na wakati wa kusimika, Mint iliniuliza swali ambalo kwa miaka yote hakuna fundi aliyeniuliza: unataka diski yako yote ifungwe kwa nywila? Nikasema ndiyo. Sasa mtu akiiba laptopu kwenye basi, au akiichukua kwa nguvu, atapata chuma tu. Hiyo haizuii ujinga wangu mwenyewe, na kwa hiyo nimenunua pia diski ya nje, kila Ijumaa nahamishia nakala na kuifungia kabatini kwa mama. Lakini siku nikirudi kwa yule mzee nitakuwa na jibu.

Nimeulizwa na wenzangu, hasa mlioko Dar na Arusha, kama hii Linux si mambo ya watu wa mjini wenye intaneti ya kasi, inawahusu nini watu wa Katavi. Mnaiangalia kinyume. Katavi ndiko inakotuhusu kuliko nyinyi. Huu ni mkoa uliozaliwa 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Reli yetu ni tawi linalochepuka Kaliua, kilomita kama 210, lililojengwa na wakoloni kufuata madini ya risasi. Kwa miaka mingi mji huu uliwashwa na majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya taifa. Kompyuta zinazofika huku ni zile ambazo nyinyi mmezichoka. Sasa fikiria: faili moja la gigabaiti 3, lililolipiwa bando mara moja, limeshaingia kwenye mashine kumi na nne hapa Mpanda kwa kupokezana flashi ile ile ya bahasha ya kaki. Na hakuna hata mtu mmoja aliyevunja sheria. Leseni inasema gawa, nasi tumegawa. Mtaa mzima unaweza kuishi kwa upakuaji mmoja. Nionyeshe mpango mwingine wowote wa kompyuta unaoendana na hali ya mahali kama huku namna hiyo.

Halafu kuna hili la Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa mfumo huo uliotoka 2015, ikaacha dirisha la mwaka mmoja wa nyongeza kwa watakaojiandikisha. Windows 11 nayo inataka mashine yenye kitu kinachoitwa TPM 2.0 na, kwa Intel, kichakato cha kizazi cha nane kuendelea, yaani mashine za kuanzia 2017 na 2018 hivi. Pitia steshenari zote kuanzia stendi mpaka Majengo, ingia kwenye ofisi za shule, hesabu mashine zinazofikisha hapo. Nyingi hazifiki. Kwa hiyo mmeambiwa, kwa lugha ya kistaarabu, kwamba kompyuta zenu ni takataka. Kifaa kinawaka, kioo kizima, kibodi nzima, lakini kampuni iliyoko Redmond imeamua umri wake umetosha. Kuna mafundi watakaowapigia Windows 11 kwa kuruka hayo masharti, kwa elfu kumi na tano zile zile. Na watawaambia mzime antivirus kwanza.

Kuna watu waliowahi kufanya uamuzi mwingine, na si matajiri. Extremadura ni jimbo la Hispania lililoko magharibi, mpakani na Ureno, miongoni mwa majimbo maskini ya nchi ile. Watu wa kilimo na mifugo, na sehemu kubwa sana ya tumbaku ya Hispania inalimwa huko. Umesikia hapo? Tumbaku. Mwaka 2002 serikali ya jimbo ilitoa mfumo wake wa Linux, ikauita gnuLinEx, ikaweka kompyuta darasani, moja kwa kila wanafunzi wawili wa sekondari. Hawakusubiri mji mkuu uanze. Wakachukua programu za huria na kuzibatiza majina ya watu wao: ya kuchora picha ikaitwa Zurbarán, jina la mchoraji mzaliwa wa huko, ya kuandikia ikaitwa Espronceda, mshairi wao. Nembo wakaweka korongo, maana korongo wanajenga viota juu ya minara ya makanisa yao. Baada ya miaka kama kumi mradi ule ulififia, na siwafichi hilo. Mji wa Munich nao ulihama kwenda Linux, ukafikisha kompyuta karibu 15,000, kisha mwaka 2017 wanasiasa wake wakapiga kura ya kurudi. Lakini mwaka 2024 jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani hiyo hiyo, likatangaza kuhamisha kompyuta 30,000 za serikali kwenda LibreOffice na Linux. Wanakwenda na kurudi, wanabishana, ni hoja ya bajeti na ya bunge kwao. Kwetu haijawahi kuwa hoja kabisa. Sijawahi kumsikia diwani yeyote wa huku akiuliza halmashauri inalipa nini kwa programu, au hailipi nini. Na ingekuwa yetu nembo ingekuwa kiboko wa Mto Katuma, bila ubishi.

Mtasema hayo ni ya Wazungu. Haya, njooni nyumbani mpate aibu zaidi.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ndogo ya Sweden iitwayo IT46 walikuwa na mradi ulioitwa Kilinux. Wakakaa na istilahi, wakabishana, wakatafsiri, na mwaka huo huo wakatoa Jambo OpenOffice: programu nzima ya ofisi, ya kuandikia, ya majedwali, ya maonyesho, menyu zote kwa Kiswahili. Bure. Mwaka uliofuata, 2005, Microsoft nayo ikatoa vifurushi vyake vya Kiswahili kwa Windows na Office. Sitaki kusema walishtuka, sikuwemo kwenye vikao vyao. Lakini angalieni tarehe. Nani alianza? Sisi. Kwa mara moja katika historia ya mambo haya, Kiswahili hakikuwa mkia.

Kisha tukafanya nini? Tuliandika habari ya uzinduzi, tukasifia, tukarudi mezani kufungua Word ya wizi kwa Kiingereza. Wasomi tukasema "menyu za Kiswahili zinanichanganya". Lugha uliyoombea maziwa kwa mama yako inakuchanganya! OpenOffice yenyewe ilipohamia mikononi mwa Oracle 2010 na watengenezaji wengi wakajitenga kuanzisha LibreOffice, lugha zenye watu wengi wa kujitolea zilivushwa na watu wao. Kiswahili chenye mamilioni ya wasemaji kikabaki kimevushwa vipande vipande. Fungua Linux yangu leo kwa Kiswahili utaona menyu hii Kiswahili, ile Kiingereza, kama redio iliyoshika stesheni mbili. Na ile kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili iliyomo ndani ya LibreOffice, yenye alama ya Tanzania kabisa kwenye jina lake, imetokana na kazi ya Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton. Mkenya. Sisi tunaowacheka Wakenya kwa Kiswahili chao, kila siku kwenye vijiwe, ndio tunaosahihishiwa tahajia na kazi ya Mkenya, na wengi hatujui hata kwamba ipo.

Msiniambie mradi ule ulififia kwa sababu wafadhili waliondoka. Wafadhili huondoka siku zote, ndiyo kazi yao. Kitu huria hakihitaji mfadhili ili kiwe hai, kinahitaji watumiaji wanaolalamika, wanaoripoti neno lililokosewa, wanaotafsiri menyu tano Jumapili jioni badala ya kuangalia tamthilia. Walimu wa Kiswahili wako wangapi nchi hii? Waandishi je?

Na hapa ndipo nawashika mashati wenye vyuo vya kompyuta vya mitaani. Kijana analipa ada miezi mitatu, anatoka na cheti cha "Kompyuta". Alichofundishwa ni wapi pa kubofya kwenye Word, wapi kwenye Excel, wapi kwenye PowerPoint. Menyu ikihamishwa toleo lijalo amerudi kuwa mjinga. Ni sawa na kumfundisha mtu udereva kwa kumkaririsha dashibodi ya gari moja la kampuni moja. Tena wanafundishwa kwa nakala za wizi, mbele ya macho ya mwalimu, kwa hiyo somo la kwanza kabisa wanalopata kuhusu teknolojia ni kwamba vya watu wengine vinachukuliwa na hakuna anayeuliza. Na siku wakiajiriwa kwenye zahanati watakuta takwimu zinaingizwa kwenye DHIS2, mfumo huria uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Tanzania inautumia nchi nzima kwa ripoti za afya. Kumbe serikali yenyewe inaujua uhuria pale inapotaka. Kwa nini darasani hautajwi?

Fundi wangu wa zamani ameshasikia kwamba nahubiri habari hizi na amekasirika kidogo. "Dada unatuharibia biashara." Nimemjibu hapana kaka, mimi nakupa biashara. Watu watahitaji wa kuwasimikia, wa kuwatafutia viendeshi vya printa, wa kuwafundisha, na utawalipisha elfu kumi na tano zako halali bila kumwambia mtu azime mlinzi. Kazi ya fundi ni ujuzi wake. Kreki si ujuzi, aliiokota kama mimi nilivyoiokota. Akasema atafikiria. Tangu jana laptopu yake moja ya dukani inawaka Mint, anadai anaijaribu tu, na ameniomba nisiwaambie watu. Samahani kaka.

Wenye kazi zinazodai programu ambazo kwenye Linux hazipo, kwa mfano wahasibu wenye mfumo fulani wa ofisi au wachora ramani waliozoea programu zao, siwashiki mashati. Nunueni leseni, au ofisi iwanunulie, mjue mnalipia nini na kwa nini. Ugomvi wangu ni na sisi wengine, ambao tukihesabu kwa ukweli tunachofanya kwenye kompyuta ni kuandika, kusoma barua pepe, kuingia mtandaoni, kusikiliza muziki na kuangalia filamu. Kwa hayo tunaiba nini?

Jumamosi hii kuanzia saa nane mchana nitakuwa chini ya mwembe na flashi mbili. Njoo na laptopu yako, chaji yake, flashi yako ya gigabaiti 8 au zaidi, na kitu cha kuhifadhia mafaili yako, maana sitagusa mashine ya mtu ambaye hajatoa nakala kwanza. Umeme ukikatika tutaongea mpaka urudi. Wa Inyonga mlioniandikia, flashi yenu imeondoka leo asubuhi na basi, bahasha ya kaki, muulizeni kondakta.